Kufagia Shamba

Bonfils alipokuja kulipima shamba kwa hatua za miguu, Mwantum alikuwa amepiga magoti katikati ya nyasi akiwatazama sisimizi. Alisikia sauti ya shemeji yake Radjabu, kaka wa mumewe Yaseen, ikihesabu kwa Kifaransa kabla hajamwona mtu, na nyuma ya sauti hiyo viatu vya mtu mzito vikiponda masuke yaliyoanza kuiva. Akainuka, akakung'uta udongo kwenye kitenge chake, akasimama wima ili waone kwamba shamba lina mwenyewe.

"Karibuni," alisema. "Lakini mupite pembeni, tafadhali. Hapo munakanyaga mbegu."

Bonfils alitazama chini, kisha akamtazama Radjabu kama mtu anayeuliza iwapo acheke au asicheke. Alikuwa tajiri wa matofali. Nyumba nyingi mpya zilizopanda mlima wa Gihosha zilitoka katika tanuri zake, na mwaka huu alikuwa akitafuta udongo wa bondeni, huku upande wa mto Ruzizi, nusu saa kwa baiskeli kutoka mtaa wa Mutakura.

"Mbegu ya nini, mama? Hii si majani tu?"

"Ni majani ya ngombe. Mi nauza mbegu yake."

"We unauza?" alidakia Radjabu. "Uliuza lini, shemeji? Mwaka jana ulipeleka magunia mawili, wakakurudishia magunia mawili."

Ndivyo ilivyokuwa. Tangu ng'ombe walipokatazwa kuzurura, kila mfugaji alihitaji majani ya kukata na kulishia zizini, na mradi mmoja wa malisho ulikuwa ukinunua mbegu ya nyasi ya Ruzizi, nyasi ambayo asili yake ni bonde hilihili. Mwantum alikuwa amengoja shamba lote likauke rangi ya mchanga, akalikata kwa mundu siku moja, akapura, akapeleka. Hyacinthe, agronome, yaani bwana kilimo wa mradi, alichota konzi moja, akaimwaga kwenye sinia na kuipuliza kwa mdomo. Karibu yote iliruka. "Mama, umetuletea makapi," alisema mbele ya wanawake wengine kumi na wanne. "Peleka kwa kuku." Wanawake walijiziba midomo kwa vitenge, na Mwantum aliona mabega yao yakitikisika.

"Bonfils analipa kodi ya miaka tano, yote mara moja," alisema Radjabu. "Essence haipatikani, magari hayatembei, garage yangu imelala. Yaseen naye anashona suruali mbili kwa wiki. Tutakula nini? Majani?"

"Yaseen amekubali?"

"Atakubali."

"Na Bonfils akimaliza kuchimba, sisi tutabaki na nini?"

"Shimo," alisema Bonfils, tena bila ubaya. "Lakini mama, shimo unaweza kufuga ndani samaki."

Wanaume walicheka. Mwantum alingoja wamalize. "Acha nivune kwanza, shemeji. Hii mara moja tu."

Radjabu alivua kofia yake ya kushonwa, akajipangusa jasho, akairudisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kaka mkubwa, na tangu baba yao afariki na kuwaachia ardhi hii alikuwa amezoea neno lake liwe la mwisho. "Bonfils anaanza kuchimba katikati ya mwezi wa saba. Wakipokea mbegu yako mbele ya hapo, mi nanyamaza. Wakikurudishia tena, unakuja unasaini pamoja na bwana yako, bila kulia. Tumesikizana?"

"Tumesikizana."

Walipoondoka, akapiga magoti tena. Kulikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari mrefu kutoka kwenye nyasi hadi kwenye shimo lao, kila mmoja na mbegu yake mdomoni, na hakuna hata mmoja aliyepanda juu kwenye masuke. Wote waliokota chini. Tena walikuwa wakichagua. Mbegu nyingine waliigusa, wakaiacha palepale.

Mwantum alimnyang'anya mmoja mzigo wake. Akaipasua ile mbegu kwa ukucha, ikatoa unga mweupe, mzito. Akaokota tisa nyingine ardhini. Nane zilikuwa zimejaa. Kisha akavuta suke lililosimama mbele yake, lile lililoonekana limekauka vizuri kama mwaka jana, akachuma mbegu kumi. Saba zilikuwa ganda tupu.

Alikaa chini kabisa, juu ya udongo, miguu ameinyoosha kama mtoto. Sasa aliona. Nyasi hii haikuiva kwa pamoja kama mpunga. Katika suke moja mbegu hii iliiva leo, ile keshokutwa, nyingine wiki ijayo, na kila iliyoiva ilipukutika siku hiyohiyo. Macho ya mtu yakishaona shamba limekuwa kavu lote, mbegu nzuri zimekwisha kuanguka, na zilizobaki juu ni zile zisizo na uzito wa kuzivuta chini. Mwaka uliopita alikuwa amekata makapi na kuiacha mbegu ardhini.

&nbsp;

"Utafagia shamba?" aliuliza Yaseen.

Walikuwa wakila mchana nyumbani Mutakura, wali na ndagala, dagaa wa ziwani, mume, mke na binti yao Tahani aliyekuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi. Yaseen alikuwa fundi cherehani, mpole hata watu wakasema upole wake umepita kiasi. Mkono wake ulisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Naacha ianguke yote," alisema Mwantum. "Halafu nakata majani, natoa, nafagia chini. Nachekecha, napepeta."

"Na mvua?"

"Mwezi wa sita hakuna mvua."

"Na upepo? Na sisimizi? Na batu watasema nini, mama Tahani? Mwanamuke anafagia pori kama anafagia uwanja?"

"Wamesema mengi."

Tahani aliweka kikombe chake chini. "Baba, mwaka jana tulifanya vile batu wote wanafanya. Ilitupa nini?"

Yaseen alimeza tonge lake polepole. Alijua kwamba kaka yake angemuuliza, na kwamba jibu lolote atakalotoa lingekuwa la aibu. "Fanya," alisema hatimaye. "Mi nitasema ni mi nilikutuma."

Ilikuwa ni sadaka kubwa kwa mtu kama yeye, na Mwantum aliijua thamani yake. Akamwongezea ndagala.

&nbsp;

Kazi ya kwanza ilikuwa kuitengeneza ardhi. Alipalilia kati ya mistari hadi lisibaki hata gugu moja, akatoa mawe, akayavunja mabonge, akaushindilia udongo kwa nyayo zake na kwa kipande cha gogo hadi ukawa mgumu kama sakafu ya jikoni. Kuzunguka shamba lote alimwaga majivu, ili sisimizi waliomfundisha wasije wakaibeba na mbegu yenyewe.

Kisha ikaja kazi ya kungoja, na hiyo ndiyo iliyomchosha. Kila asubuhi alikuta ardhi imetapakaa mbegu zaidi, na kila asubuhi mikono ilimwasha kwenda kuchukua mundu. Chanelle, jirani wa shamba la pili, mmoja wa wale kumi na wanne, alikuwa amekwisha kata nyasi za kwake na kuzirundika chini ya turubai.

"Mwantum, we! Mbegu yako inamwagika!" alipiga kelele kutoka ng'ambo ya mfereji.

"Naiona."

"Sasa unaiangalia tu?"

"Naingoja imalize."

Chanelle alitikisa kichwa na kwenda kuwaambia wengine. Siku mbili baadaye Hyacinthe mwenyewe alifika na pikipiki ya mradi. Hakushuka. "Mama, nimesikia habari yako nikasema apana, haiwezekani. Umeacha yote ianguke? Utaniletea nini mwaka huu, mchanga?"

"Bwana agronome, ile iko juu iko tupu. Shuka uangalie."

"Mi nimesomea hii kazi miaka tano."

"Najua. Ndiyo maana nasema shuka uangalie."

Hakushuka. Alipiga pikipiki teke, akaondoka, na vumbi lake likatua juu ya mbegu.

&nbsp;

Mwantum alikata majani ya juu wiki ya pili ya mwezi wa sita, akayakung'uta papo hapo, akayauza kwa mfugaji mmoja aliyekuja na baiskeli tatu. Chini yake shamba lilionekana kama limemwagiwa pumba za dhahabu. Alianza kufagia kona moja kwa ufagio wa chelewa, akisogeza mbegu na vumbi hadi kwenye marundo madogo madogo. Kwa siku tatu alifanya robo tu ya shamba. Wapita njia walisimama barabarani. Mmoja alimuuliza iwapo rais anakuja kutembelea pori lake. Mwantum aliinamisha kichwa na kuendelea kufagia, machozi yakichanganyika na vumbi bila yeye kuyajali.

Asubuhi ya siku ya nne alipoinua uso kuangalia ng'ambo ya ziwa, milima ya Uvira haikuwapo. Mawingu meusi yalikuwa yameifunika, mwezi wa sita, wakati ambao hakuna mtu aliyezoea kuyaona. Upepo wa ziwani ulikuwa na harufu ya maji. Robo tatu ya mbegu yake ilikuwa imelala chini, wazi. Mvua moja tu, hata ya nusu saa, ingeigeuza tope.

Alimpigia simu Yaseen. "Njoo. Funga cherehani, uje. Mwite Tahani. Mvua iko Uvira."

Yaseen alifunga. Lakini hakuja moja kwa moja. Alikwenda kwanza garage kwa kaka yake, jambo ambalo Mwantum hangemwomba alifanye. Radjabu alikuwa amekaa juu ya tairi, mafundi wake sita wamejilaza kivulini, magari yamepangwa bila tone la petroli.

"Kaka," alisema Yaseen, "naomba mikono."

"Ya kufanya nini?"

"Kufagia shamba."

Mafundi walicheka. Radjabu hakucheka. Baadaye alisema kwamba katika miaka hamsini hakuwahi kumwona mdogo wake amesimama hivyo, shingo imenyooka, tepu ya kupimia ingali inaning'inia shingoni. "Na nikikataa?"

"Ukikataa nitakwenda peke yangu. Lakini ukikaa hapa ukaomba mvua inyeshe ili shamba liende kwa Bonfils, Mungu anakuona, kaka."

"Astaghfirullah," alisema Radjabu. "Mi siombi mvua juu ya mali ya mutu." Akainuka. "Simameni, wavivu! Chukueni fagio. Na ile wavu ya chuma iko nyuma, leteni yote."

Mwantum alipowaona wakija barabarani, wanaume sita wenye ovaroli nyeusi za grisi, kila mmoja na fagio begani, Radjabu mbele amebeba mikunjo miwili ya wavu, Yaseen akisukuma mashine ya kuchomelea kwenye toroli, hakujua acheke au alie. Hakukuwa na wakati wa lolote. "Mustari kwa mustari!" aliwaamuru, na yeye mwenyewe alishangaa kusikia sauti yake. "Musichimbe! Fagieni juu juu! Munaleta mbegu, apana udongo!"

Walifagia. Tahani alifika na wenzake wawili wa chuo wakiwa bado na sare nyeupe, wakafagia. Radjabu aliomba umeme kwa jirani mwenye kinu cha kusaga nafaka, akachomelea fremu mbili: moja ya matundu makubwa ya kuzuia majani na mabonge, ya pili ya matundu madogo ya kuangusha mchanga. Mbegu ilibaki juu ya ile ya pili, ikilia kama mvua ndogo kila ilipotikiswa. Ng'ambo ya mfereji Chanelle alisimama mikono kiunoni, akatazama mawingu, akatazama watu. Kisha akavuka na fagio lake bila kuitwa.

Matone ya kwanza yalianguka kabla ya alasiri, makubwa, yakitoboa vumbi. Kona moja ya shamba ilikuwa bado. Mwantum aliwaambia waiache, na wote wakakimbia na magunia hadi kwenye banda la kinu, wakiyakumbatia kama watu waliookoa watoto. Mvua ilipiga bati kwa saa nzima. Hakuna aliyeweza kusikia mwenzake, lakini walikuwa wakicheka midomo wazi, weusi kwa vumbi, na Radjabu alikuwa akimpa Chanelle maji ya kunawa.

&nbsp;

Baada ya kukausha kivulini na kupepeta mara tatu, walipata kilo themanini na sita. Kila mbegu ilikuwa nene. Mwantum alipeleka sampuli kwenye ofisi ya mradi, nayo ikapelekwa labo, maabara, kupimwa kama inaota.

Matokeo yalirudi tarehe mbili ya mwezi wa saba. Mlinzi wa geti alimpa bahasha palepale nje, akimwambia bwana agronome yuko kwenye mkutano. Barua ilikuwa kwa Kifaransa, lugha ambayo Mwantum aliisikia kila siku lakini hakuisoma. Alikwenda kusimama kwenye jua nje ya chuo hadi Tahani alipotoka.

Tahani aliisoma mara mbili. "Mama…"

"Sema."

"Imeota tisa kwa mia. Wameandika 'rejeté'. Imekataliwa."

Mwantum aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Wakarudi nyumbani. Radjabu, aliyekuwa ameanza kupita jioni kuuliza habari za "mbegu yetu", alisikia, akasema taratibu, "Shemeji, tulijaribu. Bonfils anakuja tarehe kumi na tano."

"Tarehe kumi na tano bado haijafika."

"Shemeji…"

"Mbegu imejaa. We mwenyewe uliipasua na jino. Mbegu iliyojaa haiwezi kuwa imekufa yote, labda iko usingizi." Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na baada ya kulisema alitulia, akilisikiliza. Katika shamba lile, kila mwaka, mbegu zilizoanguka mwezi wa sita hazikuota mwezi wa sita, hata pale mvua ya bahati iliponyesha. Hazikuota mwezi wa saba wala wa nane. Zilikuja kuota kwa kishindo mvua za mwezi wa kumi. Ile kona waliyoiacha ilikuwa imelowa zaidi ya wiki mbili zilizopita, na jana tu alikuwa ameipita: hapakuwa na jani hata moja la kijani. "Hii nyasi haiamki kabla ya wakati yake," alisema. "Ganda ndiyo inaifunga. Tukiivua ganda?"

Wote watatu walimgeukia Yaseen. Mikono yake ndiyo iliyokuwa midogo na yenye subira kuliko yote katika ukoo ule.

Yaseen alivaa miwani yake ya kushonea, akachukua sindano na wembe, akaketi mlangoni kwenye mwanga. Mbegu haikufikia hata nusu ya ukucha. Alishika moja kwa ncha ya vidole, akaingiza sindano kwenye mshono wa ganda, akalifungua kama anayefumua pindo. Kiini kikatoka, cha rangi ya asali, kizima. Kumi za kwanza aliharibu nne. Baada ya hapo hakuharibu tena. Tahani alihesabu mia moja na kuzipanga kumi kumi juu ya kitambaa kilicholowa kwenye sahani. Kwenye sahani ya pili akapanga mia moja zenye maganda yake. Wakazifunika, wakaziweka juu ya kabati mahali penye joto.

Siku mbili hapakuwa na kitu. Siku ya tatu, Mwantum alipofunua kabla ya kwenda sokoni, aliona ncha nyeupe kumi na moja. Siku ya nne arobaini. Siku ya sita sahani nzima ilikuwa imesimama, mizizi imejisokota kwenye kitambaa hata kisingeweza kuvutika, na Yaseen alikuwa akihesabu kwa ncha ya sindano, sauti yake ikipanda kila anapofika kumi nyingine. "Themanini na tatu! Mama Tahani, themanini na tatu!" Kwenye sahani ya maganda zilikuwa saba.

&nbsp;

Alivaa mtandio wake wa Iddi. Alizibeba sahani mbili kwenye kikapu, zimefunikwa, akaketi kwenye benchi la nje ya ofisi ya mradi. Mlinzi alisema bwana agronome ana kazi. Mwantum alisema naye ana kazi, na kazi yake ni kukaa pale. Alikaa tangu saa mbili hadi saa sita. Saa sita Hyacinthe alitoka kwenda kula, akamkuta mlangoni, hana pa kupitia.

"Mama, ile karatasi ya rapport umepata. Labo imesema."

"Labo ilipima mbegu imelala. Mi nimeiamsha." Akafunua sahani.

Hyacinthe aliangalia. Akachukua ile sahani kwa mikono miwili, akageuka, akarudi ndani bila kwenda kula, na Mwantum akamfuata hadi mezani. Pale alipiga simu. Baada ya nusu saa alifika Orlane, mwanamke kijana wa labo, koti lake jeupe limekunjwa mkononi. Aliinama juu ya sahani mpaka pua ikakaribia mizizi. Alivuta kiini kimoja kwa kibano, akakigeuza.

"Nani alitoa maganda?"

"Bwana yangu. Ni fundi cherehani."

Orlane aliketi. "Mama, nitakuambia ukweli. Hii nyasi, ikiwa mupya, lazima tuivunje usingizi mbele ya kupima. Iko dawa ya kuchoma ganda. Ilikwisha tangu mwezi wa nne. Tulipima hivyo hivyo." Akamgeukia Hyacinthe. "Mi niliandika chini ya rapport nilikutumia we: mbegu mupya, ipimwe tena. Haukusoma chini?"

Hyacinthe alikuwa amezichukua mbegu zenye maganda, amezimwaga kiganjani. Alizisugua, akazipima uzito kwa kupandisha na kushusha mkono. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili kisichokuwa na ofisi ndani yake, "Mama, siku ile nilikuja na pikipiki, uliniambia nishuke. Nilipaswa kushuka. Unisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Mwantum. "Andika rapport mupya."

Orlane alipima upya kwa kumenya maganda, yeye na msaidizi wake. Themanini na moja kwa mia. Hapakuwa na mbegu yoyote ya mwaka ule, katika wanawake wote kumi na watano, iliyoifikia. Iliyoikaribia ilikuwa arobaini. Mradi ulilipa kila kilo kwa bei ya daraja la kwanza, bei ambayo tangu mradi uanze ilikuwa imeandikwa ukutani bila mtu kuipata.

Lakini Mwantum hakuuza zote. Alibakiza kilo kumi. Hyacinthe alipouliza za nini, alimwambia za kupanda, na kwamba akitaka kuwaleta wale wanawake kumi na wanne shambani kujifunza kufagia, awalete, ila kila mmoja aje na fagio lake.

&nbsp;

Tarehe kumi na tano Bonfils alikuja kama alivyosema, na gari dogo na vijana watatu wenye sepeto. Alikuta watu wengi kuliko alivyotarajia. Wanawake walikuwa wamejaa kando ya mfereji, Chanelle mbele yao akieleza kwa mikono jinsi mvua ilivyokuja, akijitia yeye ndiye aliyeiona kwanza. Yaseen alikuwa ameketi juu ya gunia, akimwonyesha Orlane jinsi ya kushika sindano.

Radjabu alikwenda kumpokea mgeni. Mwantum aliwaona wakizungumza mbali kidogo. Bonfils alionyesha ardhi kwa kidole, akaonyesha saa yake. Radjabu akamshika bega kwa urafiki, akamgeuza polepole akimwelekeza kwenye gari.

"Lakini tulisikizana!" Bonfils alisikika akisema.

"Tulisikizana na shemeji yangu kwanza," alisema Radjabu. "Na yeye ametimiza. Udongo uko mwingi, Bonfils. Hii hapa iko na kazi."

Gari lilipoondoka, alirudi akipita katikati ya wanawake. Alisimama mbele ya Mwantum, akavua kofia, akajipangusa jasho ingawa jua halikuwa kali. Alikuwa na sehemu yake ya juu ya shamba, ng'ambo ya njia, ambako kwa miaka mingi alikuwa akitupa mabaki ya magari yasiyofaa tena.

"Shemeji," alisema, na watu wakageuka, kwa kuwa walimjua hana kawaida ya kuomba. "Ile ya juu. Inaweza kukubali hii nyasi?"

Mwantum aliiangalia sehemu ile, mabodi yaliyoota kutu, lori moja kuukuu lililozama hadi kwenye madigadi.

"Udongo ni uleule," alisema. "Inakubali. Lakini magari yako yote yanatoka. Na ardhi unashindilia vizuri, kama sakafu, apana kama barabara yetu ya Mutakura."

Wanawake walipiga vigelegele. Radjabu alicheka mpaka akainama, akairudisha kofia kichwani na kuwapigia mluzi mafundi wake waliokuwa wamesimama njiani. Kabla ya adhana ya alasiri mnyororo wa kwanza ulikuwa umefungwa kwenye lile lori, wanaume wanane wakivuta upande mmoja na wanawake kumi na wanne wakisukuma upande wa pili, na Mwantum amesimama mbele yao, mkono juu, akiwaonyesha pa kulipeleka.